Nguzo ya Mtongani

Kalenda ya mwaka themanini na saba
bado inaning'inia dukani kwa Vrajlal, Kisutu,
nyuma ya misumari na makopo ya rangi.
Desemba haikung'olewa. Tarehe zimepauka zote,
picha peke yake imekataa kufa.

Nilifuata patasi ya inchi moja.
Kazi yangu kuchonga majina kwenye mawe ya makaburi,
malipo kwa herufi.
Mwenye jina refu huwatia wanawe hasarani.

Nikauliza: jumba hilo kalijenga nani?
"Halikujengwa," akasema. "Lilitolewa."

Elora. Mlima mmoja, jiwe moja jeusi.
Walisimama kileleni na nyundo
wakaanza na paa.
Wakashuka na madirisha, wakashuka na nguzo,
wakashuka na tembo waliojitwisha kuta,
msingi wakaumaliza mwisho.
Babu akagonga, baba akagonga,
mjukuu akafagia vumbi.
Hakuna tofali lililoletwa kutoka popote.
Mkono ukiteleza, mkonga ukikatika,
hakuna gundi, hakuna saruji, hakuna samahani.

Na ubavuni, katika mwamba huohuo,
Wabudha walikwisha kujichimbia vyumba vya kunyamazia,
na Wajaini wakaja baadaye na patasi zao.
Mungu wa huyu jirani ya ukimya wa yule.
Hapo kengele ya hekalu ikalia mtaani,
adhana ikaipokea,
na Vrajlal akaendelea kuhesabu chenji yangu
bila kukosea hata shilingi.

Nikamwambia: sisi husema, bandu bandu humaliza gogo.
Akaitafuna methali hiyo kama karafuu.
"Gogo ndiyo, liliisha.
Kilichokuwa ndani ya gogo, je?"

Usiku ule patasi ilikaa mezani, mimi macho.
Maana ni mtoto wa machimbo, Kunduchi Mtongani.
Mama yangu, Siwema binti Kombo,
alinisomesha kwa ndoo za kokoto,
kidole gumba chake kimoja hakina kucha tangu nikiwa darasa la pili.
Na sisi tulianzia juu:
nyasi, kisha udongo, kisha jiwe jeupe la matumbawe
lenye makombe ya bahari iliyokwisha kuondoka.
Malori yakaupakia mlima wetu
yakaenda kuusimamisha Kariakoo, ghorofa juu ya ghorofa.
Sisi tukabaki na shimo,
na masika, shimo likabaki na maji.

Ila katikati pana nguzo.

Juu yake pana kaburi. Hakuna amjuaye mwenyewe.
Kila mchimbaji alilikwepa kidogo,
akamwachia mwenzake dhambi,
wakachimba kushoto, wakachimba kulia, miaka,
mpaka maiti akajikuta juu kuliko nyumba zetu,
na hakuna aliyemnyanyua.

Jumapili nikamleta Vrajlal kwa bajaji.
Ana miaka themanini na mbili, goti moja halikunji.
Tulishuka ile njia ya wabeba ndoo,
mkono wake begani kwangu,
vumbi likimpaka suruali mpaka mapajani.
Elora yenyewe, aliniambia njiani,
hajapata kufika. Alikuwa na picha tu.
Baba yake alikuwa akikata tikiti kila mwaka
kwa maneno.

Chini akasimama. Akaitazama nguzo
tangu kitako hadi kwenye yale majani makavu ya kaburi.
Alama za sululu zimeteremka ubavuni mwake
mstari juu ya mstari, kama maandishi
ya watu wasiojua kwamba wanaandika.

Akainama, kwa shida,
akavua viatu.

Mama alikuwa pale kivulini, nyundo mkononi.
Akamtazama yule mzee wa Kihindi na soksi zake,
akanitazama mimi.
"Mwulize," akasema,
"anataka ndoo ngapi."